Kukuza Msamiati kwa Kusoma Hadithi: Mfano wa Treasure Island



Muhula wangu wa kwanza hapa chuoni niliandika kazi ya Sira kuhusu Hudaybiyya. Vitabu tulivyoelekezwa vyote vilikuwa vya Kiingereza, na mimi nimetoka Bujumbura, nimesomeshwa kwa Kifaransa. Kiingereza nilikuwa nacho cha kununulia chai tu. Katika kitabu kimoja nikakutana na neno "truce". Nikaliona linafanana na "truth", nikaamua kuwa ni ndugu yake, nikaandika aya nzima ya kueleza "ukweli wa Hudaybiyya". Mhadhiri aliizungushia wino mwekundu na kuweka pembeni alama moja ya kuuliza. Maksi nilizopata zilitosha nisirudie somo, lakini hazikutosha kumwonyesha mzee nyumbani.

"Truce" ni kusimamisha vita kwa muda, ile tunayoiita kwa Kiarabu hudna. Habari yenyewe niliijua tangu madrasa: mwaka wa 6 Hijria, mapatano ya miaka 10 baina ya Waislamu na Makureshi. Elimu nilikuwa nayo. Nilichokosa ni neno. Na najua siko peke yangu, kwa sababu tunakaa bweni moja na nawasikia mkisoma kwa sauti usiku wa kuamkia mtihani.

Kwanza nilifuata njia ya wengi, njia ya orodha. Kila usiku baada ya Isha nilinakili maneno 30 kutoka kwenye kamusi, Kiingereza upande huu na Kiswahili upande ule. Baada ya wiki tatu nilikuwa bado herufi C, na ya herufi A yalikwisha kupeperuka. Ndipo kaka mmoja wa mwaka wa tatu, Mkongo aliyepitia taabu hiyohiyo, akanipa kitabu kilichochanika jalada: Treasure Island cha Robert Louis Stevenson. Nikamwambia, "Kaka, mimi nasoma dini, wewe unanipa hadithi ya maharamia?" Akanijibu, "Soma sura mbili, kisha uje unisute."

Sikurudi kumsuta. Kitabu hiki kilitoka kwanza kwa mfululizo katika gazeti la vijana mwaka 1881 na 1882, kikachapwa kuwa kitabu 1883. Kina sura 34, nyingi zinasomeka kwa kikao kimoja. Kijana Jim Hawkins anapata ramani ya kisiwa palipozikwa hazina, anasafiri na mabwana wa kwao katika meli Hispaniola, kumbe wengi wa mabaharia ni maharamia. Wazee wetu waliokisoma kwa Kiswahili wanakijua kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson.

Kwa nini hadithi ya namna hii inafundisha maneno kuliko orodha? Neno lililo kwenye orodha halina kinacholishikilia. Kwenye hadithi ya hatari, usipolielewa neno hujui nani atakufa, basi akili inalikamata yenyewe. Chukua "mutiny". Jim ameingia ndani ya pipa la tufaha, anawasikia mabaharia wakipanga kumgeuka nahodha wao. Ndani ya meli wamo watu 26. Wanaoaminika ni 7, na mmoja wa hao 7 ni Jim mwenyewe, mtoto. Ukishatoka kwenye pipa lile hulisahau neno tena: ni maasi ya walio chini ya amri dhidi ya mkubwa wao, si maasi yoyote tu. Muhula uliofuata nikakuta katika historia ya Waislamu wa India kwamba Waingereza waliyaita matukio ya 1857 "mutiny", hali Wahindi wengi huyaita vita vya kwanza vya uhuru. Zamani ningepita tu. Safari hii nikasimama, kwa sababu nilijua sasa kwamba anayetumia neno hilo ameshaamua kuwa askari wale walikuwa na bwana wa haki wa kumtii. Ubishi wote umo ndani ya neno moja, kabla hujafika kwa Bahadur Shah Zafar aliyepelekwa uhamishoni Rangoon.

Na "truce" yangu nikaikuta sura ya 20. Maharamia na watu wa nahodha wamekwisha kupigana. Long John Silver, mkuu wa maharamia mwenye mguu mmoja, anakuja kwenye boma akiwa na mwenzake anayepunga kitambaa cheupe. Risasi zinanyamaza, watu wanakaa kuzungumza. Kunyamaza kwa risasi ndiyo "truce". Kuzungumza kwenyewe ndiyo "parley", na sisi tuliosoma Kifaransa tunaliona pale pale limetoka kwa "parler". Kama wangeelewana, wakaandika na kuweka sharti, ingekuwa "treaty". Lakini hawakuelewana, na haukupita muda mrefu vita vikaanza tena. Sasa rudi Hudaybiyya. Kulikuwa na wajumbe wa kwenda na kurudi, kukawa na maandishi yenye masharti, na vita vikasimamishwa kwa miaka. Ndiyo maana mwandishi mmoja wa Kiingereza ataandika "treaty" na mwingine "truce", na wote wawili wako sawa: mmoja anatazama karatasi, mwingine anatazama panga zilizorudi alani.

Neno lililonigusa kuliko yote liko sura ya 30, tena kwenye jina la sura: "parole". Jim amekuwa mateka wa maharamia, na anajua baadhi yao wanataka kumuua. Daktari Livesey, ambaye ni adui yao, anakuja kuwatibu homa yao. Silver anamruhusu Jim kusogea uani azungumze na daktari, kwa sharti la kutoa ahadi kwamba hatatoroka. Daktari anamhimiza aruke ua wakimbie. Jim anakataa. Ametoa neno lake. Kwa Kifaransa "parole" ni neno tu, lile linalotoka mdomoni. Waingereza wakalichukua kwa maana ya neno la heshima la mateka, na leo mahakamani ni kuachiwa mfungwa kabla ya muda wake kwa masharti.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilimkumbuka Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) na baba yake. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Makureshi waliwakamata njiani, wakawaachia kwa ahadi ya kwenda Madina bila kupigana pamoja na Mtume (s.a.w.). Walipomweleza, Mtume aliwataka waitimize ahadi ile, na siku yenyewe ilikuwa Badr, Waislamu wachache na kila mkono unahitajika. Nimeisikia hadithi hiyo mara ngapi kwenye darsa? Lakini kuieleza kwa Kiingereza ndani ya kazi ya chuo nilikuwa siwezi, hadi mtoto wa hadithini aliponipa neno.

Sisi wa Kiarabu na Kiswahili tuna faida nyingine ambayo Mwingereza mwenyewe hana. Nyumba ya wageni ya akina Jim ina jina la "admiral" mmoja, na neno hilo limetokana na amir. Amiri wetu wa jumuiya amefurahi sana kusikia hayo, tumwombee unyenyekevu. Hazina ni khazina. Ghala kwa Kiarabu ni makhzan, kwa wingi makhazin, na humo ndimo limetoka "magasin", duka la Wafaransa, na "magazine" ya Waingereza, ghala la baruti na baadaye jarida. Kwa hiyo unachokisoma sasa na sanduku la maharamia ni watoto wa mzizi mmoja, kh-z-n.

Ninavyofanya ni hivi. Naisoma sura hadi mwisho bila kamusi, hata nikikwama. Neno likinizuia nalipigia mstari kwa penseli na kukisia. Nikimaliza ndipo nafungua kamusi, na sichukui zaidi ya maneno matano. Kwenye daftari siandiki tafsiri peke yake, naandika tukio: "hostage: Jim mikononi mwa Silver", "marooned: Ben Gunn, miaka mitatu kisiwani peke yake akiota jibini". Wiki ile ile nalitafuta neno hilo katika vitabu vya masomo, na nikilipata naandika ukurasa. Matano kwa sura 34 ni maneno 170. Ni machache kuliko ya orodha yangu ya kamusi, lakini haya ninayo.

Majina ya kamba na matanga yapite. Wenzetu wa Mombasa na Zanzibar wanaojua tezi na omo watayafurahia. Mimi wa Ziwa Tanganyika niliyaruka na hadithi haikuniadhibu.

Angalia pia unaiga kauli ya nani. Silver na wenzake wanasema Kiingereza cha mabaharia wasiosoma, sarufi imepinda makusudi, na ukiandika hivyo kwenye mtihani utalia. Chukua maneno kwa Jim anaposimulia, kwa daktari na kwa Nahodha Smollett. Na kuna pombe nyingi na viapo vibaya humo, sitawaficha, ingawa pombe yenyewe inamuua mlevi wa kwanza kabla safari haijaanza. Ukimaliza ukataka King Solomon's Mines cha Haggard, soma, lakini soma macho wazi, maana mwandishi yule anawatazama Waafrika kwa jicho la mkoloni wa zama zake.

Hakimiliki ya Treasure Island ilikwisha zamani, hivyo kinapatikana bure kwenye intaneti kwa asiye na nakala. Kile kilichochanika jalada sasa kiko kwangu. Tumeanza kusoma sura moja kila Jumamosi baada ya Alasiri, ndugu upande huu wa ukumbi na dada zetu upande ule. Jumamosi ijayo inshaallah ni sura ya 4: mama yake Jim anahesabu sarafu za marehemu aliyekufa na deni lake, hataki kuchukua hata senti moja zaidi ya haki yake, na huko nje fimbo ya kipofu inagonga barabarani, inakuja. Atakayejiunga aje na daftari na penseli.