Jina la Kununuliwa: Mafunzo Niliyopata Nikimtafuta Feruzi

Ujumbe wa sauti uliingia usiku, saa ambazo mtandao wa Salamabila, huku kwetu Maniema nchini Kongo, huwa na huruma kidogo. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayeishi kaskazini mwa Italia na kupakia matunda kwenye ghala. "Yaya," alisema huku akicheka, "kumbe sisi ni Waitaliano? Nimeambiwa jina letu ni la huku huku, tena la watu wachache."

Alikuwa amefuata kadi yake kwenye ofisi fulani, nayo kadi ikatoka imeandikwa Ferruzzi, r mbili na z mbili. Karani aliiona Feruzi, akadhani mgeni amekosea kuandika jina lake mwenyewe, akamsahihishia. Kazini wakaanza kumwuliza baba yake ni nani. Mwenzake mmoja akamweleza kwamba kwao jina la ukoo lisilo la kila mtu ni fahari, na watu huhesabu limebaki katika nyumba ngapi na katika mkoa gani. Akamwuliza: ninyi kina Feruzi mko wangapi?

Swali hilo mdogo wangu alilitupa kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki nyumbani, na kwa sababu nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, madaftari ya majina yamepita mikononi mwangu mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Nilimwahidi jibu kwa wiki moja. Imekaribia miaka miwili.

1. Kufanana kwa majina si undugu

Kina Ferruzzi wa Italia wapo kweli, na mmoja wao nimeishi na kazi yake tangu utoto bila kujua. Sisi ni Waislamu, lakini jirani yetu alikuwa Mkatoliki, na ukutani kwake palikuwa na picha ya msichana aliyejitanda kitambaa, mtoto amemlalia kifuani. Wote tuliiita picha ya Bikira Maria. Aliyeichora ni Roberto Ferruzzi, mzaliwa wa Dalmatia mwaka 1853, na picha hiyo ilipata tuzo kwenye maonyesho ya Venice ya mwaka 1897. Nakala zake zimeenea duniani kote. Ravenna nako kulikuwa na familia ya Ferruzzi iliyotajirika kwa biashara ya nafaka.

Majina ya mzizi huo huko Italia huhusishwa na ferro, yaani chuma. Feruzi yetu ni kito, jiwe la rangi kati ya samawati na kijani, na neno lenyewe lilitoka Uajemi likapitia kwa Waarabu hadi pwani. Chuma na kito vimekutana kwenye kadi ya mpakiaji wa matunda, basi. Hata Ramazani, jina ambalo ukiliita sokoni Kasongo watageuka watu kumi, ni jina la ukoo la watu wengi huko Iran. Emmanuel Ramazani Shadary, mtoto wa Kasongo aliyegombea urais mwaka 2018, hana mjomba Tehran.

2. Huwezi kuhesabu ukoo kwa jina lisilorithiwa

Nilianza kwa madaftari ya shule. Nikampata Feruzi mbele, Feruzi katikati, Feruzi mwisho. Wengine Wabangubangu kama sisi, wengine Wabembe, mmoja mama yake alitoka Kalemie. Nilipowafuata nyumbani hakuna aliyekuwa ndugu yangu, na mzee mmoja alinitazama kana kwamba nimekuja kudai shamba.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nahesabu kwa akili ya Kiitaliano. Kule, tangu Mtaguso wa Trento uliofungwa mwaka 1563, maparokia yaliamriwa kuandika ndoa na ubatizo, na jina la baba likamganda mtoto, na mtoto wa mtoto, karne nne na zaidi. Kwetu jina ni la mtu, si la nyumba. Tulizaliwa saba kwa baba mmoja na mama mmoja, na ni mimi peke yangu niitwaye Feruzi, kwa kuwa babu aliniomba nimrithi. Mdogo wangu wa Italia naye alipewa kwa baba yake kwa njia hiyo hiyo. Dada zangu wana majina ya mashangazi, na kitinda mimba ana jina la shida iliyokuwapo nyumbani siku alipozaliwa. Fomu zetu zina mistari mitatu, "nom", "postnom" na "prénom", na kila mzazi huijaza anavyojua.

Ukitaka hesabu ya nchi nzima, jua kwamba sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Nilimwandikia mdogo wangu: mwambie mwenzako hatujulikani idadi.

3. Ukiuliza asili, jiandae kuipata

Nyumbani tulikuwa na jibu letu tayari. Babu alitoka Unguja. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo wanavyosema watu wengi wa Kasongo na Kabambare wenye majina ya Kiislamu, maana kuwa mungwana huku ni heshima, na Unguja ndiko uungwana ulikotokea. Mji wa Kasongo ulikuwa makao ya Tippu Tip, Hamed bin Muhammed el-Murjebi kwa jina lake kamili, na huyo kweli alitoka Unguja. Ni vizuri kuwa na babu aliyeshuka kwenye jahazi.

Shangazi yangu, aliyekuwa amebaki mzee wa mwisho upande wa baba, aliniacha niseme yote. Kisha akasema: "Hilo si jina la kuzaliwa, mwanangu. Ni jina la kununuliwa."

Baba wa babu yangu, alisema, alikamatwa mdogo, karibu na mto Luama. Alipofikishwa Kasongo, nyumba iliyomchukua ikamwita Feruzi. Alikua huko, akasilimu, akajifunza Kiswahili, na alipopata nguvu akapewa bunduki, naye akaenda kuwakamata wengine. Shangazi alilitamka hilo la mwisho bila kupunguza sauti. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yalipoiteka Kasongo mwezi Aprili 1893, Feruzi akajikuta hana bwana. Akarudi Luama kumtafuta mama yake. Vijijini wakamwuliza: wewe ni nani? Hakuweza kujibu, kwa sababu jina alilopewa na mama yake alikuwa amelisahau. Akaishia kuoa huku na kulima.

Baada ya hapo nilianza kuyaona majina niliyoyaita kila asubuhi darasani kwa jicho jingine. Pwani, watumwa walipewa majina ya vito na ya bahati: Feruzi, Almasi, Marijani, Baraka, Mabruki, Faraji. Aliyemwita mtoto mtumwa Baraka alikuwa anajiombea mwenyewe, hakumwombea yule mtoto. Uledi, jina ambalo kila darasa langu limekuwa nalo, asili yake ni "kijana mdogo", namna ya kumwita mtumishi. Uledi mmoja aliongoza mashua ya Stanley, Lady Alice, ilipoushuka mto wetu Lualaba kutoka Nyangwe mwaka 1876, na Stanley akaandika sifa zake kwenye kitabu. Sisemi kila Feruzi na kila Uledi wa leo ametoka utumwani. Majina huenda mbali na chanzo chake, mtu akampenda jirani akamwita mwanawe kwa jina lake, na sasa ni majina mazuri tu ya Kiislamu ya Maniema.

Nilimtumia mdogo wangu maneno ya shangazi. Alinyamaza siku mbili. Halafu akaandika: "Basi niache z mbili?"

Nikamwambia habari za Esposito. Hilo leo ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyo mengi kabisa Italia, na maana yake ni mtoto aliyewekwa nje, aliyeachwa. Napoli, kwenye nyumba ya Annunziata, palikuwa na gurudumu ukutani: mama anaweka mtoto, anazungusha, mtoto anaingia ndani, mama anaondoka. Watoto hao waliandikwa Esposito. Milano wakaitwa Colombo, njiwa, kwa alama ya hospitali iliyowapokea. Leo wajukuu wao ni mawakili na wachezaji mpira, na hakuna anayejificha. Huyo mwenzako wa kazini, nikamwambia, umwulize vizuri jina lake limetoka wapi.

4. Uadimu mwingi ni kazi ya kalamu

Kwenye vyeti vya nyumba yetu peke yake nimekuta Feruzi, Ferouzi, Feluzi na Felusi. Lugha yetu huchanganya r na l, na waandishi wa zamani walisikia kwa sikio la Kifaransa. Kwa kompyuta hizo ni koo nne, na ya nne ina mtu mmoja tu duniani, ambaye ni marehemu baba mkubwa.

Chukua jina lolote la pwani ulifuate hadi Lualaba. Athumani anafika akiwa Asumani, Hamisi ameangusha h njiani akawa Amisi, Juma ameongezewa d akawa Djuma, Ramadhani amekuwa Ramazani. Hata mahali hapaponi. Livingstone aliugua miezi mingi mjini Kabambare mnamo 1870 na 1871, na kwenye maandishi yake pameandikwa Bambarre. Watu wetu waliohamia Ujiji na Dar es Salaam wakawa Wamanyema, na msikiti wao uko Kariakoo mpaka leo, ilhali mkoa wenyewe unaandikwa Maniema. Salamabila nayo? Kila mgeni akisoma jina kwenye kibao hulikata katikati, akauliza: salama bila nini? Nimechoka kutabasamu.

5. Serikali ikibadilisha majina, uliza wazee walijibu nini

Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko, na jirani yetu mwenye picha ya Ferruzzi akawa hana Petro tena mpaka mambo yalipolegea mwaka 1990. Kwetu alikuja mwalimu kuandika orodha, akauliza kama Feruzi si jina la kigeni. Babu alimjibu: "Mgeni gani? Kaburi lake lile pale." Likaandikwa.

Sheria ya Familia ya mwaka 1987 bado inataka majina yatoke kwenye urithi wa utamaduni wa Kongo. Mimi naona jibu la babu linatosha hata mbele ya hakimu.

6. Kuna watu wanaokufa bila jina, hapa hapa

Namoya iko jirani, na dhahabu yake imevuta vijana kutoka Kivu, Fizi na Kindu. Mashimoni hakuna anayetumia jina la kadi. Ni Commando, ni Dollar, ni Mtoto wa Mama. Shimo likiporomoka, wenzake wanamtoa, na hapo ndipo inagundulika kwamba waliokula naye sahani moja mwaka mzima hawajui alivyoitwa na mama yake. Nimewahi kuitwa niandike barua ya msiba nikakosa wa kumwandikia. Tangu siku hiyo, kijana akija kwangu kuandikiwa chochote, namwomba jina lake lote na la kijiji, naliweka kwenye daftari langu. Nilikuwa sijapata bado kisa cha Feruzi wa Luama; nilipokisikia ndipo nilipoelewa kwa nini nafanya hivyo.

7. Jina la mbali linaweza kuwa la hapa

Tarehe 18 Agosti 2024 tulisikiliza redioni misa ya Uvira, walipotangazwa wenye heri wanne waliouawa katika miji ya Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Watatu ni Wasaveri Waitaliano: Carrara, Didoné, Faccin. Wa nne ni padre Albert Joubert, aliyezaliwa upande wa Moba mwaka 1908, baba Mfaransa, mama Mkongo. Kanisa limemhesabu Joubert kuwa Mkongo na hakuna aliyeguna. Jirani yangu aliuliza tu linavyoandikwa, aliandike nyuma ya picha yake.

Kadi ya mdogo wangu haijarekebishwa. Wanadai cheti cha kuzaliwa chenye tahajia moja na kadi ya baba yake, na vyeti hivyo viwili ndivyo hasa visivyopatana, kimoja kina r na kingine kina l. Shangazi amefariki mwezi wa tatu uliopita, nikiwa nimeandika nusu tu ya aliyoyajua.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Ujiji, Tabora, Buyenzi au Kariakoo: kama kwenu kuna mzee wa Kimanyema anayekumbuka mtoto aliyechukuliwa ukingoni mwa Luama na kupewa jina la kito, nakuomba umwulize mama yake yule mtoto alimwita nani.