Risasi ya Nyati, na Jinsi ya Kupima Kazi Yake

Nyati dume anayetoka katika msitu wa Mlima Kenya usiku na kuingia mashambani huweza kuwa na uzito wa kilo 700 au zaidi. Ngozi yake ni nene, na mara nyingi imepakwa matope yaliyokauka. Chini ya ngozi iko misuli ya bega, na chini ya misuli ziko mbavu pana zilizokaribiana sana. Mtu aliyetumwa kumpiga mnyama huyo hahitaji bunduki yenye mlio wa kutisha. Anahitaji risasi itakayopita matope, ngozi, misuli na mfupa, ikafika moyoni au mapafuni ikiwa bado na nguvu. Ikishindwa njiani, nyati hafi pale. Huingia kichakani na jeraha lake, na kesho yake anayekutana naye si yule aliyefyatua bunduki, bali ni mama anayekwenda mtoni au kijana anayechunga mbuzi.

Katika Kenya uwindaji wa leseni ulipigwa marufuku mwaka 1977, na tangu hapo raia hana ruhusa ya kumpiga mnyama wa porini. Kazi ya kumwondoa mnyama mharibifu ni ya askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, lililoundwa mwaka 1989, kama zamani ilivyokuwa kazi ya Bwana Nyama na maskauti wake. Katika Tanzania uwindaji wa leseni ungali unaendelea. Lakini sheria ikiwa hivi au vile, mwili wa nyati haukubadilika, wala mambo yanayoipata risasi ndani ya mwili huo hayakubadilika.

Kwanza yafaa kuelewana juu ya neno lenyewe. Watu wengi huita kitu kizima risasi, lakini kitu hicho kina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kile kipande cha mbele kinachoruka. Hapa risasi ni kipande hicho cha mbele. Nalo jina lake ni jina la madini, yaani ile risasi laini na nzito ambayo wavuvi wa pwani huitumia kuzamisha nyavu zao. Madini hayo peke yake ni laini mno kwa mwendo wa bunduki za sasa, kwa hiyo huvikwa koti la shaba nyekundu. Jinsi koti hilo lilivyovikwa ndiyo huamua kazi ya risasi.

Koti likifunika ubavu na kitako na kuacha pua wazi, hiyo ni risasi laini. Ikigonga mwili, pua hufunguka kama uyoga, hupanuka hata kukaribia mara mbili ya unene wake wa kwanza, na hukata njia pana. Koti likifunika pua pia, nalo likaimarishwa kwa chuma, hiyo ni risasi ngumu. Haipanuki, hupenya kwa kina ikiwa na umbo lake, na njia yake ni nyembamba. Risasi laini ni ya swala, kuro, kongoni na pofu, tena ya simba na chui, ambao ngozi na mifupa yao si mizito. Risasi ngumu ni ya tembo, ambaye ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mwingi wenye matundu kama sega la nyuki. Nyati yuko katikati, na kwa ajili hiyo ndiye anayewasumbua watu kuliko wote.

Iko risasi ya tatu ambayo imefanya madhara mengi, nayo ni ya jeshi. Mwaka 1899, katika mkutano wa The Hague, mataifa mengi yalikubaliana kutotumia vitani risasi zinazopanuka mwilini, kama zile zilizotengenezwa katika kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta. Tangu hapo risasi za majeshi hufunikwa koti lote. Basi lililo la huruma vitani huwa ni ukatili porini, kwa maana askari aliyejeruhiwa ana daktari, na mnyama hana. Bunduki ya .303 waliyobeba polisi na askari wa K.A.R. katika Meru na Embu wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, ilitumia risasi ya ncha kali yenye uzito wa greni 174. (Greni 7,000 hufanya ratili moja.) Sehemu ya mbele ndani ya koti iliwekwa kitu chepesi, kama alumini, na uzito wote ukabaki nyuma. Risasi ya namna hiyo ikiingia katika nyama hupinduka na kuacha njia yake. Mpigaji amelenga moyo, nayo yaenda tumboni. Kwa nyati ni silaha ya kubahatisha.

Baadaye majangili walileta bunduki za kivita zinazopiga mfululizo. Kwa silaha za namna hiyo, mwaka 1988, waliuawa vifaru weupe 5 katika Mbuga ya Taifa ya Meru ingawa walikuwa chini ya ulinzi. Jangili hajali kama risasi yake inafaa, kwa kuwa hupiga nyingi, na mnyama anayekimbia na matundu madogo mwilini hamhesabu.

Baada ya umbo huja uzito. Watu wa Mbeere na Tharaka waliowinda kwa upinde walijua kwamba mshale mrefu wenye uzito huingia kuliko mwepesi ulio na unene ule ule. Risasi ni vivyo hivyo. Katika bunduki ya .375, yaani ile ambayo risasi yake ina unene wa sehemu 375 katika 1,000 za inchi, ziko risasi za greni 235, 270 na 300. Ile nyepesi hukimbia zaidi, na mtu asiyejua huvutwa na mbio zake. Lakini risasi laini iliyo nyepesi, ikimgonga nyati kutoka karibu kwa mwendo mkali, huweza kupasuka juu juu begani. Jeraha huwa kubwa la kutisha, na mapafu huwa salama. Ile ya greni 300 (karibu gramu 19 na nusu) huondoka kwa mwendo wa futi kama 2,500 kwa sekunde, nayo yatosha. Bunduki hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na hata leo sheria ya Tanzania haikubali tembo wala nyati apigwe kwa bunduki iliyo ndogo kuliko hiyo.

Hapa hutajwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo katika Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli, lakini anayemtaja Bell aeleze na mengine: alitumia risasi ngumu, ndefu na nzito kwa unene wake, alikipasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo, na alikuwa na shabaha ambayo watu wachache sana wamejaliwa. Bila mambo hayo matatu, bunduki yake ni bunduki ya paa.

Kwa nyati, desturi ya watu wengi wenye ujuzi ni kuanza na risasi laini yenye koti nene, na kufuatisha risasi ngumu. Sababu yake ni kundi. Risasi ngumu iliyopigwa ubavuni huweza kutokea upande wa pili na kumjeruhi nyati mwingine aliyesimama nyuma, na mpigaji asijue. Risasi laini iliyo njema hukaa chini ya ngozi ya upande wa pili. Lakini nyati akigeuka na kukimbia, mpigaji huona makalio tu, na hapo ni risasi ngumu peke yake inayoweza kupita tumbo lililojaa nyasi ikafika kifuani.

Habari ya matope si ndogo. Mwaka 1946, huko British Columbia katika Canada, Mmarekani John Nosler alimpiga paa mkubwa wa nchi za baridi aitwaye moose, aliyekuwa amepakwa matope makavu. Risasi zake zilifunguka mapema mno, hazikupenya. Akaunda risasi yenye ukuta wa shaba katikati, hata sehemu ya mbele ikifunguka na kuharibika, ya nyuma hubaki nzima na kuendelea. Ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Nyati anayegaagaa katika madimbwi ya Meru chini amevaa koti lile lile.

Sasa kupima kazi yake. Makosa ya kwanza ya watu ni kudhani kwamba kuanguka ndiko kufa. Nyati aliyepigwa juu mno, katika ile mifupa mirefu iliyo juu ya uti wa mgongo, huanguka kama gunia, kisha husimama na kwenda zake. Aliyepigwa moyoni huenda akakimbia yadi 100 kana kwamba hakuguswa. Kwa hiyo mpigaji mwema huendelea kupiga maadamu mnyama yu wima, hata kama anaamini risasi ya kwanza imetosha.

Akipotea kichakani, husomwa damu. Nyekundu nyepesi yenye povu hutoka mapafuni, na mnyama hayuko mbali. Iliyokoza hutoka iniini au katika misuli. Lakini damu kidogo iliyochanganyika na maji ya kijani na nyasi zilizotafunwa ni habari mbaya: ni tumbo. Hapo huhitajika nusu saa ya kungoja kabla ya kufuata, na macho kuangalia kando kuliko mbele, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa huweza kuzunguka na kusimama karibu na nyayo zake mwenyewe.

Mnyama akiisha kufa, kazi ya kisu ndiyo shule yenyewe. Njia ya risasi hufuatwa toka tundu la kuingilia hata mahali iliposimama, na risasi huoshwa na kupimwa kwa mizani ndogo kama ya duka la dawa. Risasi ya greni 300 iliyotolewa ikiwa na greni 240, pua imekunjuka pande zote na koti limeshikamana na madini, imefanya kazi yake. Likipatikana koti tupu, aina hiyo isichukuliwe tena kwa nyati, hata kama mnyama huyo alikufa. Risasi ngumu iliyopindika au kubonyea ina koti dhaifu. Tena mahali ilipogonga paandikwe pamoja na uzito, la sivyo watu husifu risasi iliyopata uti wa shingo kwa bahati, na kulaumu ile iliyopelekwa tumboni na mkono uliotetemeka. Wengi hulaumu risasi.

Nyama iliyo kando ya jeraha hukatwa na kuzikwa, kwani vipande vya madini ni sumu, kwa mtu na kwa tai pia. Kwa sababu hiyo California, katika Marekani, ilikamilisha mwaka 2019 marufuku ya risasi za madini hayo katika uwindaji, na nyingi sasa hufanywa kwa shaba tupu.

Na ikiwa jua limekaribia kuchwa, na damu ni ya tumbo, na nyayo zimeingia miibani, askari hafuati gizani. Hurudi kwa chifu kabla ya jambo jingine lolote, akataja kijito, kilima na upande aliokwenda nyati, ili asubuhi watoto wa shule wapitishwe njia nyingine na mbuzi wasitolewe zizini mpaka mzoga uonekane.