Mama Mkristo, watoto Waislamu: namna tunavyoishi Butembo

Akina mama Wakristo wanaonijia kuuliza namna ya kulea watoto Waislamu huanza na sherehe: Noeli itakuwaje, Idi itakuwaje? Sherehe ndizo rahisi. Watu wanakula, wanacheka, wanarudi makwao. Penye kazi ni jikoni, njiani na kwenye matanga.

Mimi ni Mkatoliki wa jimbo la Butembo-Beni. Mume wangu ni Mwislamu, babu zake walitoka Kasongo kule Maniema, na watoto wetu wanalelewa katika dini ya baba yao.

Patana na mwenzako juu ya dini ya watoto kabla ya mimba, na mpatane mbele ya wazee. Sisi Wanande nafasi hiyo tunayo tayari, ni siku mbuzi wa mahari wanapoletwa. Wajomba wako wote wapo, shangazi zako wapo, basi swali la watoto liulizwe pale pale, kwa sauti. Upande wa mume watakuambia kwamba Kurani, sura ya tano aya ya tano, inamruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa watu wa Kitabu, na kwamba watoto humfuata baba. Upande wako nao una sheria zake. Kanuni ya 1086 ya Kanisa inadai ruhusa maalum ili Mkatoliki aoane na asiyebatizwa, na kanuni ya 1125 inakutaka uahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wako ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpa mume wangu neno lililo kinyume cha ahadi hiyo, na sikutaka kumdanganya padri. Basi hatukufunga ndoa kanisani, na komunyo sipokei. Misa naenda, naimba, na wengine wakipanga mstari mimi nabaki kwenye benchi. Ijue gharama hiyo mapema. Usije ukagundua Jumapili moja ukiwa na mtoto mgongoni.

Nikaha peke yake haikulindi. Nendeni komini, kwa ofisa wa hali ya raia, ndoa iandikwe. Mbele ya sheria ya Kongo karatasi hiyo ndiyo ndoa, na mume akifa itakutetea kwa ndugu wa dini zote mbili.

Majina hayakutusumbua hata kidogo. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, na msichana aliyekuja baada ya wavulana ni Kahindo, kama desturi inavyotaka. Jina la Kiislamu linafuata nyuma. Wazee wetu waliopitia mwaka 1972, Mobutu alipofuta majina ya kigeni, Josefu na Yusufu wakapotea kwenye karatasi siku moja, hawana la kushangaa hapa.

Jikoni, weka sheria chache na uzishike hata mumeo akiwa safarini. Kuku ananunuliwa mzima, anachinjwa na Mwislamu. Nguruwe haingii nyumbani. Mimi niliacha kumla kabisa, ingawa hakuna aliyeniomba, maana kuosha sufuria mara mbili mbili kulinichosha kuliko kuacha nyama. Kwa nyanya yao, Lubero, niliongea na mama yangu peke yake bila watoto kusikia, nikampelekea sufuria mpya. Mgeni huwa haelezwi mapema hivyo, lakini mama mzazi akielezwa anaona ameheshimiwa. Kwenye harusi za ukoo wetu kasiksi, pombe ya ndizi, itapita, na watoto wanajua kupokea soda na kushukuru bila hotuba.

Ramadhani mama ndiye saa ya nyumba. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo magharibi huingia saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, ikipungua au ikizidi robo saa. Tahadhari na adhana ya redio za Kampala! Jua huzama kule kabla ya kwetu, na anayefuturu kwa adhana ile anafuturu mapema kwa dakika kama kumi na tatu. Daku nalipika mimi, katika baridi ya Butembo ya alfajiri, bugali na sombe iliyobaki, chai ya moto. Watoto wadogo wanafunga nusu siku na hawasemwi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia Machi 5. Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza juma moja. Nilifunga Kwaresima yangu kwa desturi yangu, wao wakafunga yao. Sikujifanya kufunga Ramadhani ili niwapendeze. Mtoto anatambua haraka ibada ya kuigiza, na akishaitambua kwako ataitafuta na kwa baba yake.

Ndiyo maana dini yao sifundishi. Nawaamsha, nawapeleka madrasa, naangalia kama wamehifadhi, lakini maelezo ni ya baba na mwalimu. Wengi watakushauri ushike Mariamu na Isa kama daraja. Linafaa, ila ni fupi. Kijana wangu alirudi Ijumaa Kuu moja akaniuliza kwa nini namwomboleza mtu ambaye hakusulubiwa. Nilimjibu: mimi naamini alisulubiwa, baba yako anaamini kama ulivyofundishwa, na leo mimi naenda Njia ya Msalaba. Akaniuliza kama nitachelewa kurudi. Rozari yangu imetundikwa chumbani kwetu, mahali panapoonekana.

Sasa niseme lile ambalo mama wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asilihitaji. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na tangu 2019 kundi linalojiita Dola la Kiislamu linajitangazia baadhi ya mauaji hayo. Mtoto mwenye kofia ya swala anaitwa na watoto wenzake ADF, jina la waasi wanaolaumiwa kwa mauaji hayo, na kwenye kizuizi cha barabara ya Beni msichana mwenye hijabu anatazamwa mara mbili. Kwa hiyo, kwanza, wafundishe Kinande, kisafi, cha kumsalimia mzee. Pili, wasitembee bila kadi ya shule. Tatu, waambie habari zote, wasizipate vipande vipande sokoni. Wangu wanajua kwamba Sheikh Ali Amini, aliyewapinga wauaji hao waziwazi, alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni jioni ya Mei 1, 2021, katika Ramadhani, na kwamba imamu wa Mavivi aliuawa mwezi huo huo. Wanajua pia kwamba Juni 27 ya mwaka huo bomu lililipuka katika kanisa Katoliki la Butsili, Beni, kabla ya misa. Nawaeleza yote mawili siku moja. Nikieleza moja tu, naona nimechagua upande ndani ya nyumba yangu.

Kwenye matanga ndipo ukoo huumizana bila kukusudia. Kwetu maiti hulala, watu wanakesha, wanasubiri ndugu wa mbali. Waislamu wanaosha, wanavika sanda, wanazika siku hiyo hiyo. Mkwe wangu alipofariki ndugu zangu walifika kesho yake na maua, wakakuta kaburi. Waeleze mapema, wakati hakuna mgonjwa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, sote tulizikiwa na timu zenye mavazi ya kujikinga, bila kuosha wala kukesha, na tangu hapo mazungumzo haya yamekuwa mepesi kidogo, maana kila upande ulionja kunyimwa.

Usisahau mazishi yako mwenyewe. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa bila kuzunguka. Alinijibu kwamba watoto watanihudumia, watanisindikiza hadi kaburini, ila swala ya jeneza hawataniswalia. Nilikaa na jibu hilo siku kadhaa. Kisha nikaandika: nizikwe Kikristo, shirika letu la kanisani liimbe, na watoto wabebe jeneza. Mume wangu ametia sahihi, na nakala iko kwa kaka yangu.

Lililobaki ni Kahindo. Mafundisho yaliyomruhusu baba yake kunioa mimi hayamruhusu yeye kuolewa na Mkristo, na mama yangu ameshaanza kuwasifia vijana wa kwaya ya parokia mbele yake. Nimemwomba mume wangu tuwaite wajomba na mashangazi mwaka huu, yeye Kahindo akiwepo na akisema, kabla hajapatikana kijana yeyote wa kugombaniwa.