Mgonjwa Asipoulizwa

Mganga mwenye busara humwuliza mgonjwa aumwa wapi kabla ya kumpa dawa. Lakini huko Marekani wanawake wapendao wanawake wenzao walihesabiwa miaka mingi kuwa wagonjwa wa akili pasipo kuulizwa neno. Waandishi wengi wa elimu ya nafsi walitegemea habari za wachache waliokwenda kutibiwa, kana kwamba afya ya kijiji yaweza kupimwa kwa kuwahesabu walalao hospitalini.

Mwaka 1957 Bibi Evelyn Hooker alionyesha ya kuwa mabingwa, wakipewa majibu ya vipimo vya akili, hawakuweza kuwatambua wapendao wa jinsi yao kati ya watu wengine. Uchunguzi huo ulisifiwa sana, na kwa haki. Lakini ulihusu wanaume tu. Jambo lenyewe liliondolewa katika orodha ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1973, na katika ile ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1990.

Je, kufuta neno kitabuni kwatosha? La, hasha. Katika miaka ya 1984 na 1985 Caitlin Ryan na Judith Bradford walikusanya majibu ya wanawake 1,925 wa namna hiyo. Yapata robo tatu walikwisha kutafuta shauri la wataalamu, hasa kwa sababu ya huzuni. Zaidi ya nusu waliwahi kufikiri kujiua. Wengi walisema pia kwamba walipigwa au kunajisiwa. Basi, mshauri ashughulikaye na mapenzi ya mwanamke huyo peke yake atayapita majeraha hayo bila kuyaona. (Tukumbuke kwamba wengi wa waliojibu walikuwa Wazungu wenye elimu, sauti za maskini zilisikika kidogo.)

Serikali nazo zilikuwa na sikio zito. Mwaka 1976 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitamka kwamba mapenzi ya mzazi yasiwe sababu kuu ya kuamua nani alee mtoto. Hata hivyo, mwaka 1995 mahakama ya juu ya jimbo la Virginia ilikubali mtoto mdogo aondolewe kwa mama yake, aliyeishi na mwanamke mwenzake, akalelewe na bibi yake.