MTANDAO WA WAYA UNAPOKATIKA OVYO: TUTAFUTE CHANZO KWA UTARATIBU



Katika nyumba nyingi siku hizi kompyuta, televisheni, printa au kinasa picha cha kamera za ulinzi huunganishwa na ruta kwa waya. Watu huuamini waya kuliko waifai, na wana haki. Lakini hutokea kifaa kikafanya kazi vizuri kwa saa tatu, kikakatika dakika mbili, kisha kikarudi chenyewe. Hapo ndipo lawama huanza. Mtoto huambiwa amechezea waya, fundi huambiwa amelipua kazi, na baba hutoa fedha kununua ruta mpya. Wiki haiishi, tatizo limerudi.

Somo letu ni hili: hitilafu inayokuja na kuondoka haitatuliwi kwa dhana. Hutatuliwa kwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kutazama kinachofuata. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui kilichomponya.

1. NI KIPI KILICHOKATIKA?

Kifaa kinapokatika, usikimbilie kuzima ruta. Ukiizima unafuta ushahidi. Jiulize kwanza:

(a) Je, vifaa vyote vimekatika, vya waya na vya waifai? Basi tazama ruta au laini ya mtoa huduma.
(b) Je, ni vile tu vilivyochomekwa kwenye swichi moja (kisanduku cha kugawa mtandao kwa vifaa vingi)? Basi tazama swichi hiyo, umeme wake, na waya unaoiunganisha na ruta.
(c) Je, ni kifaa kimoja tu? Basi fuata njia yake: kifaa chenyewe, waya, vichwa vyake viwili, na tundu lake.

2. TAZAMA TAA

Pembeni mwa tundu la waya kwa kawaida kuna taa ndogo. Ikiwa taa huzimika wakati wa kukatika, basi ncha mbili za waya zimeacha kusikilizana: chanzo ni waya, kichwa, tundu au umeme. Ikiwa taa inaendelea kuwaka lakini kurasa hazifunguki, angalia zaidi anwani na mtoa huduma.

Kwenye kompyuta ya Windows upo ushahidi mwingine. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika ping, kisha anwani ya ruta yako (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha -t. Majibu yakiendelea kuja bila kukosa huku intaneti haipo, njia ya kutoka kompyuta hadi ruta ni salama. Usiwagombeze watoto kwa ajili ya waya.

3. WAYA NA VICHWA VYAKE

Hapa ndipo penye visa vingi. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi 4. Mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2 tu. Mwendo wa megabiti 1000 hutumia jozi zote 4. Kwa hiyo uzi mmoja unaweza kukatika na mtandao ukaendelea, ila mwendo ukashuka. Kompyuta na ruta zikiwa na uwezo wa 1000, na kompyuta ikaonyesha 100, ushuku waya.

Mambo yanayoharibu waya ni haya: ulimi wa kichwa kuvunjika hata kikalegea, waya kubanwa na mlango au mguu wa kitanda, panya, na kutu kwenye vichwa, hasa katika nyumba zilizo karibu na bahari. Zipo pia waya za bei nafuu ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba. Hizo hukatika upesi zinapokunjwa. Tena, waya usizidi mita 100.

Lipo kosa jingine lililojificha. Rangi hupangwa hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kwamba jozi ya kijani imekaa nafasi ya 3 na ya 6. Mtu akizipanga jozi kwa kufuatana tu, ncha zote mbili namna moja, kipimaji cha taa kitaonyesha nyuzi zote 8 ni nzima, lakini jozi zimetenganishwa na data huharibika njiani.

Jaribio ni hili: sogeza kifaa karibu na ruta, ukitumie waya mfupi unaojua ni mzima. Kiache kwa muda wa kutosha. Kama kilikuwa kikikatika mara moja kwa siku, jaribio la saa moja halithibitishi kitu. Kiache siku tatu.

4. UMEME NA JOTO

Swichi au ruta hujizima na kujiwasha ikiwa adapta yake imechoka. Angalia kama taa zote huzimika kwa pamoja friji inapoanza kunguruma. Adapta ya kubadilisha iwe na volti zilizoandikwa kwenye kifaa, na ampea zisipungue. Usiifunike ruta kwa kitambaa. Na watoto wasifungue adapta kamwe.

5. ANWANI MBILI ZINAZOGONGANA

Ruta hukipa kila kifaa anwani kwa muda maalumu. Printa au kinasa picha kikiwekewa anwani kwa mkono, ruta inaweza kuitoa anwani ile ile kwa simu ya mtu. Mchana mambo ni shwari. Simu ikirudi nyumbani jioni, vifaa viwili vinagombea anwani moja. Dawa ni kuiachia ruta kazi yote, au kuielekeza itenge anwani kwa ajili ya printa. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupata jibu la ruta ikajipa yenyewe.

6. MENGINEYO

Kompyuta nyingine huizimisha kadi ya mtandao ili kuokoa umeme. Katika mipangilio ya kadi hiyo, ondoa ruhusa hiyo. Pia mtu akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi ile ile, data huzunguka bila mwisho na nyumba nzima hukwama.

DAFTARI LA NYUMBANI

Chukua daftari. Kila mtandao unapokatika andika siku, saa, kifaa, hali ya taa, na kilichokuwa kikitendeka: mvua, friji, mgeni mwenye simu. Baada ya wiki moja utaratibu utaonekana, insha-Allah. Fundi akija, mpe daftari. Atafanya kazi kwa nusu saa badala ya siku nzima, nanyi hamtanunua kisichohitajika wala kumtuhumu asiyehusika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini si vizuri kuzima ruta mara tu mtandao unapokatika?
2. Televisheni hukatika kila jioni ilhali taa ya tundu inawaka. Utaanza kuchunguza nini?
3. Eleza namna waya ulioharibika unavyoweza kuendelea kufanya kazi kwa mwendo mdogo.