Kuzoesha au Kuzoeanisha? Kitenzi Kimoja na Injini Iliyoundwa Upya Wakati wa Baridi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoulizwa iwapo lugha hii yaweza kubeba maarifa ya ufundi, aghalabu hukimbilia orodha ya nomino: pistoni, silinda, ringi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kitenzi ndicho hubeba maarifa yenyewe, na kwamba kitenzi kisichofaa chaweza kumtia mtu hasara. Mfano wetu ni injini iliyopigwa ovahoo na kuwashwa mara ya kwanza mwezi wa Julai, katika nyanda za juu kama Limuru au Timboroa. Huenda mwenye gari amekopa ili kuigharimia.

Yanayotendeka ndani ya silinda

Ukuta wa silinda iliyochongwa upya huachiwa mikwaruzo myembamba inayopishana, nayo hushika oili. Ringi mpya bado hazijakaa sawasawa kwenye ukuta huo. Shinikizo la mafuta yanayoungua ndilo huzisukuma zibane ukuta, vilele vya mikwaruzo vikasagika kidogo hadi pande zote mbili zioane. Shinikizo likikosekana siku za mwanzo, ukuta hung'ara kama kioo, ringi hazikai, na gari huanza kula oili na kutoa moshi wa samawati.

Tukisema injini "inalainishwa", tunamwelekeza mwenyewe kuidekeza. Tukisema "inazoeshwa", tunadokeza kwamba yupo mmoja anayefunzwa. Ilhali hapa kuna wawili wanaozoeana. Kwa hivyo mzizi -zoe- ukipewa kiambishi cha kutendana kisha cha kutendesha, tunapata kuzoeanisha, kwa mfano wa kupatanisha na kukutanisha. Kitenzi hiki kinalingana na hali halisi.

Baridi inavyotatiza

Kwanza, oili baridi huwa nzito, hivyo huchelewa kufika kwenye beringi. Pili, pistoni ya aluminiamu hutanuka upesi kuliko silinda ya chuma. Ikilazimishwa kabla ya joto kuenea, yaweza kukwaruza ukuta. Tatu, injini baridi hupewa petroli nyingi, na isiyoungua huosha oili ukutani na kuizimua iliyo chini.

Hatua za kufuata

Chagua oili kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Nambari inayotangulia herufi W huonyesha tabia ya oili katika baridi: 10W-30 hutiririka kwa wepesi kuliko 20W-50 asubuhi yenye umande.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, kata petroli na umeme wa plagi, kisha zungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Hakikisha pia kwamba redieta imejaa na hewa imetoka.

Ikishawaka, usiiache ingurume polepole kwa muda mrefu ati ipate joto. Injini za zamani zenye tapeti bapa huhitaji mizunguko ipatayo 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, ili kemshafti na tapeti zizoeane. Kwa nyinginezo, ondoka taratibu baada ya muda mfupi. Joto likifikia kiwango chake cha kawaida, ongeza mwendo kwa kiasi, achilia, kisha urudie. Badilisha kasi mara kwa mara, wala usiikabe injini mlimani kwa gia kubwa. Safari fupi mno hazifai, kwani maji na petroli vilivyoingia kwenye oili huhitaji joto ili viyeyuke na kutoka. Badilisha oili na filta mapema, mathalani baada ya kilomita 500, kwa sababu chembe za chuma zilizosagika humo zinazunguka na oili.

Hitimisho

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Methali hii inafaa dakika za kwanza, injini ikiwa baridi. Ikishapata joto, upole wa kupindukia ndio unaoiharibu. Funzo kwetu wanaisimu ni kwamba istilahi haitungwi mezani pekee. Anayetaka kuunda msamiati wa ufundi sharti kwanza aingie gereji ya jua kali, aulize ni nini hufanya nini kwa nini, ndipo achague kiambishi.