SOMO LETU: KALENDA YA KAZI ZA NDANI YA JENGO



Somo la safari hii linahusu kazi za kumalizia ndani ya majengo ya biashara, yaani maduka, ofisi na hoteli, na jinsi ya kuzimaliza kwa wakati. Huenda ndugu wa kiwanda cha chai cha Teza, au wa mashamba ya miwa ya SOSUMO huko Moso, akauliza: mambo hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Wapo kati yetu ambao ndugu na watoto wao hushuka Bujumbura kutafuta vibarua vya ujenzi. Tena, jengo na kiwanda vina kanuni moja: kazi huenda kwa hatua, na hatua moja ikikwama, wa kwanza kuumia ni yule anayelipwa kwa siku.

1. KILA KAZI INA ZAMU YAKE

Mfanyakazi wa chai anajua kwamba majani yakishachumwa hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke, hukaushwa, kisha huchambuliwa. Hakuna msimamizi awezaye kukausha kabla ya kusaga, hata akipiga kelele namna gani.

Ndani ya jengo mambo ni hayo hayo. Tuchukue mfano wa nyumba ya Mtaa wa Mutanga Nord ambayo mwenyewe anataka kuigeuza duka na ofisi. Tuseme kazi zimepangwa hivi:

– Kubomoa na kupima: wiki 1
– Kujenga kuta za kugawa vyumba: wiki 2
– Kupitisha mabomba na nyaya za umeme ndani ya kuta: wiki 2
– Kupiga lipu: wiki 2
– Kungoja lipu ikauke: wiki 4
– Kupaka rangi: wiki 2
– Kufunga milango, taa na masinki: wiki 1

Jumla ni wiki 14. Vigae vya sakafu vinahitaji wiki 2, na dari wiki 2. Lakini kazi hizo mbili, zikifanywa na vikundi viwili, huingia ndani ya zile wiki 4 za kungoja lipu, wala haziongezi kitu katika jumla.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Fundi wa vigae akichelewa wiki moja, siku ya kufungua duka haibadiliki, kwa sababu ana wiki 2 za akiba. Fundi wa umeme akichelewa wiki moja, watu wote wanachelewa wiki moja: wa lipu, wa rangi na wa milango. Kwa hiyo kabla ya kumhimiza mtu, ni lazima kwanza kujua ni kazi ipi inayoshika nyingine. Hesabu ya namna hii ilitengenezwa Marekani mnamo 1957 na wataalamu wa makampuni ya DuPont na Remington Rand, kwa ajili ya viwanda vikubwa. Lakini kwa kazi ndogo kama ya mfano wetu, daftari na kalamu vinatosha.

2. VITU VINAVYOCHELEWESHA

Kwanza ni vifaa. Burundi haina bahari. Vigae, nyaya na masinki yanayotoka ng'ambo hupita bandari ya Dar es Salaam au Mombasa, kisha husafiri kwa lori hadi mpakani, au huvuka Ziwa Tanganyika kwa meli. Tuseme vigae vyetu vinachukua wiki 6 tangu kuagizwa. Vinatakiwa mwanzoni mwa wiki ya 8. Basi viagizwe mwanzoni mwa wiki ya 2. Tukitumia akiba yote, mwisho kabisa ni mwanzoni mwa wiki ya 4. Anayengoja kuta ziishe ndipo aagize, amekwisha chelewa. Tukumbuke pia uhaba wa mafuta wa miaka ya 2022 hadi 2024, ambapo magari yalipanga foleni siku nyingi. Mzigo unaweza kuwa umefika nchini na bado usifike kazini.

Pili ni maji. Bujumbura mvua hunyesha tangu Oktoba hadi Mei, na kiangazi ni Juni hadi Septemba. Watu hudhani kazi ya ndani haijui mvua. Lakini paa lisipozibwa vizuri, dari mpya huoza. Na katika hewa yenye unyevu lipu hukauka polepole. Rangi iliyopakwa juu ya lipu mbichi hubanduka, na kazi ikarudiwa.

Tatu ni kufunika kabla ya kukagua. Mabomba yajaribiwe kwa maji, na nyaya zipimwe, kabla lipu haijapigwa. Saa chache za kujaribu huokoa siku nyingi za kuvunja ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Nne ni mwenye jengo kubadili mawazo. Mabadiliko yaandikwe, pamoja na siku na gharama zinazoongezeka. Yasipoandikwa, kosa huangukia fundi.

3. NANI HULIPIA SIKU ZILIZOPOTEA?

Mzigo usipofika, kibarua huambiwa, "Rudi nyumbani, njoo kesho." Siku hiyo hana mshahara, ingawa si yeye aliyesahau kuagiza. Tarehe ya kufungua ikikaribia, huyo huyo huambiwa afanye kazi usiku, amechoka, kwa taa hafifu, juu ya ngazi. Ndipo ajali hutokea. Na mkandarasi akitozwa faini ya kuchelewa, hutafuta kuikata katika ujira wa watu.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ulipwe kwa vipindi vya kawaida, na usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi au mapatano ya pamoja. Mkataba namba 167 wa 1988 unahusu usalama na afya katika ujenzi. Kwa hiyo kalenda ya kazi si karatasi ya mkandarasi peke yake. Kalenda mbaya huiba mshahara, na huvunja miguu ya watu.

4. TUFANYE NINI?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kikundi kimchague mtu mmoja wa kuandika kila jioni: watu wangapi walikuja, kazi gani ilifanyika, kitu gani kilikosekana na tangu saa ngapi. Siku ya malipo, daftari hilo ndilo shahidi.

Kalenda ibandikwe ukutani, katika lugha ambayo wote wanaisoma. Kila Jumatatu wakuu wa vikundi wakutane kwa nusu saa: nani anamngoja nani, na mzigo gani haujafika? Tena, kabla ya kuanza kazi, yaandikwe malipo ya siku za kungoja na ya saa za ziada.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Katika mfano wetu, wa lipu wakichelewa wiki moja, kazi itaisha wiki ya ngapi? Na wa dari je?
2. Mahali petu pa kazi, ni hatua gani inayoshika nyingine zote?
3. Mashine ikisimama kwa kukosa mafuta au umeme, nani anaandika saa hizo, na nani anazilipa?